Mpelelezi asiye na pingu: riwaya za siri ambazo mwandishi wa habari ndo anamtafuta muuaji

Kijana wa miaka 16 na nusu anaingia ofisi ya gazeti moja Paris, mkononi kashika kifurushi, na ndani ya kifurushi mna mguu wa mtu. Mguu wa kushoto. Polisi walikuwa wameuhangaikia siku kadhaa maana vipande vingine vya maiti ya yule mwanamke wa mtaa wa Oberkampf vilishapatikana, ulibaki huo tu, na huyu dogo kaukuta kwenye mitaro ya maji machafu ambako hakuna askari aliyewaza kwenda kuchungulia. Mhariri anaona ukurasa wa mbele kashaupata. Anamuuliza dogo unataka mshahara kiasi gani, dogo anasema faranga 200 kwa mwezi, mhariri anamwambia nakupa 250 ila sharti moja, kila mtu umwambie upo kazini kwetu tangu mwezi uliopita, ieleweke kwamba aliyeuona mguu ni gazeti, siyo wewe, hapa mtu si kitu, gazeti ndo kila kitu.

Hivyo ndivyo Joseph Rouletabille anavyoajiriwa kwenye Le Mystère de la chambre jaune ya Gaston Leroux, riwaya iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1907 kwenye jarida la L'Illustration, itaendelea wiki ijayo, itaendelea wiki ijayo, kama sisi tulivyokuwa tunasubiri hadithi za mfululizo kwenye magazeti ya hapa Dar. Aya moja tu hiyo lakini imebeba karibu kila kitu ninachokipenda kwenye aina hii ya riwaya. Kuna dogo mwenye macho makali kuliko dola, kuna mhariri anayefurahia mguu wa marehemu kwa sababu utauza, na kuna uongo mdogo umeshapenya kwenye habari kabla hata haijachapwa. Leroux hakuyatoa hewani haya. Alisomea sheria, akawa ripota wa mahakamani Paris, baadaye Le Matin wakawa wanamtuma nchi za mbali, alikuwa Urusi kwenye vurugu za 1905. Alijua chumba cha habari kinanukaje usiku.

Mi nimefanya kazi gazetini miaka kadhaa, dawati la mahakama, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama ya Kisutu hapa Dar anaijua ile sentensi ambayo ukiisikia unafunga notibuku: upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Wiki mbili zinapita unarudi, unaambiwa hivyohivyo. Ndugu wa marehemu wamekaa upande huu, ndugu wa mshtakiwa upande ule, wote wamevaa nguo zao za kanisani au msikitini, na wewe umekaa katikati na kalamu yako. Kuna siku mama mmoja mtu mzima, mwanae ndo aliuawa, alinishika mkono nje ya mahakama akaniambia, mwanangu, we kila tukija upo unaandika andika, sasa si utuambie wewe, nani kamuua? Nikamwambia shikamoo mama, na hapo nikakwama, maana nilikuwa na jina kichwani, watu kibao pale walikuwa nalo, lakini jina la kichwani huwezi kulipeleka kwa mhariri.

Kwa hiyo nikisoma riwaya za siri huwa naziangalia kwa jicho hilo. Mpelelezi wa polisi akishajua nani kaua anatoa pingu, kitabu kimeisha, msomaji anafunga anaenda kulala. Mwandishi wa habari akishajua ndo kwanza kazi inaanza: unaweza kulithibitisha? Nani atakubali jina lake litajwe? Mwanasheria wa gazeti anasemaje? Ikichapwa nani anaumia ambaye hana hatia? Na ukiinyamazia, unamnyamazia nani? Hana hati ya upekuzi, hana bunduki, hana haki ya kumlazimisha mtu yeyote afungue mdomo, mlinzi wa getini tu anaweza kumrudisha. Ana kuuliza, ana kuhakikisha, na ana saa ambayo gazeti linaenda mtamboni. Basi. Ndo maana kwangu swali kubwa la hizi riwaya ni kama ukweli utachapwa, nani kaua inakuja nafasi ya pili.

Turudi kwa Leroux. Kisa chenyewe kinajulikana: binti wa profesa, Mathilde Stangerson, kalala chumba cha manjano kwenye jumba la Glandier, mlango kaufunga kwa ndani, dirisha ni moja tu na lina nondo, baba yake na mtumishi mzee wako chumba cha jirani, maabara, wanafanya kazi usiku. Ghafla kelele, mtu anaua, milio ya bastola. Wanavunja mlango, binti yuko chini anavuja damu, na hakuna mtu mwingine ndani. Ukutani kuna alama ya kiganja kikubwa cha damu. Muuaji katokea wapi? Watu wamekisifia kitabu hiki zaidi ya miaka 100 kwa fumbo hilo la chumba, na wanastahili kukisifia, jibu lake ni zuri sana na silisemi hapa.

Ila kinachonikaa mi moyoni ni mambo mawili mengine. La kwanza ni jinsi dogo anavyoingia getini. Polisi wamefunga kila kitu, waandishi wako nje, yeye anamsogelea mchumba wa binti, bwana Darzac, anamwambia sentensi moja ya ajabu kuhusu nyumba ya padri na bustani yake, maneno ambayo kwa msomaji hayana maana yoyote, na Darzac anabadilika rangi hapohapo anamkaribisha ndani. Yaani kaokota siri ya watu mahali na kaigeuza ufunguo. Wasomaji wengi wanashangilia pale, mi roho inaniuma kidogo, maana yule anatumia kidonda cha mtu ambacho hata yeye mwenyewe hajui kina kina gani. Kazini niliona wenzangu wakifanya hivyo, unampigia mtu simu unajifanya unajua mambo yote ili aropoke, na kweli anaropoka, stori inapatikana. Lakini mtu yule usiku halali.

La pili ni mahakamani mwishoni. Mtu asiye na hatia yuko kizimbani, roho yake iko hatarini, dogo anatokea dakika za mwisho anasema namjua muuaji ila jina nalitaja saa 12 na nusu jioni, siyo kabla. Hakimu anapandisha hasira, watu wanapiga kelele, yeye kakomaa, 12 na nusu. Na sababu yake ni kwamba anataka mhusika apate muda wa kukimbia! Akiulizwa, anajibu kwamba yeye si polisi, ni mwandishi wa habari mnyonge tu, kazi yake siyo kukamata watu, ukweli anautumikia kwa namna yake. Mi nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na kila nikiirudia nabadili msimamo. Kuna siku namuona ni mtu mwenye utu, anajua kwamba ukweli wote ukimwagwa pale mbele ya watu yule binti ataumia kuliko alivyoumizwa na muuaji. Kuna siku namuona kajipa mamlaka ambayo hakuna aliyempa, kijana wa miaka 18 anaamua peke yake nani akimbie na nani abaki. Kitabu cha 1907 na bado kinakugombanisha na nafsi yako, sasa niambie ni kitabu gani cha polisi kinafanya hivyo.

Sasa turuke miaka karibu 100 twende Uswidi. Stieg Larsson wengi mnamjua kwa ile filamu ya dada mwenye tatuu ya joka mgongoni, lakini kitabu chenyewe, Män som hatar kvinnor cha 2005, kinaanza na mwandishi aliyeshindwa kesi. Mikael Blomkvist wa jarida la Millennium kamuandika tajiri mmoja, kashindwa kuthibitisha, kahukumiwa miezi mitatu jela kwa kashfa. Kitabu cha upelelezi kinaanza na mpelelezi kahukumiwa kwa kusema kitu ambacho anaamini ni kweli! Kwa mtu aliyewahi kukaa chumba cha habari hiyo ni hofu unayokwenda nayo nyumbani kila siku. Halafu ndo mzee Henrik Vanger anamuita akamtafutie mjukuu wa kaka yake, Harriet, aliyepotea 1966 akiwa na miaka 16, siku ambayo lori la mafuta lilipata ajali darajani na kisiwa chote kikawa hakiingiliki wala hakitokeki.

Polisi waliitafuta ile kesi miaka na miaka. Blomkvist anaitatua kwa kitu gani? Kwa picha za gazeti la wilayani. Anakwenda kwenye maktaba ya gazeti la mji ule, anaomba filamu za siku ile ya gwaride la watoto, picha ambazo hazikuchapwa, zile mpiga picha alipiga ishirini ikachaguliwa moja. Anaziskani, anazipanga zifuatane, na kwenye umati anamuona Harriet. Watu wote wanaangalia gwaride, yeye anaangalia ng'ambo ya barabara, na kati ya picha moja na inayofuata uso wake unabadilika, kaona kitu au mtu, kaogopa. Ng'ambo ya barabara haionekani. Basi Blomkvist anaendelea kukodolea hadi anaona nyuma ya Harriet kuna dada mmoja kanyanyua kamera, maana yake huyo dada kapiga picha ya kilekile Harriet alichokiona. Nani huyo? Hajulikani. Lakini kwenye picha nyingine yuko na mwenzake kwenye gari, na gari lina stika ya karakana ya useremala ya mji wa Norsjö, kaskazini huko mbali. Anawasha gari anaendesha mpaka Norsjö kuwatafuta watu waliopita pale mara moja miaka karibu 40 iliyopita, wakiwa fungate.

Hapo ndo penyewe! Hakuna alama za vidole, hakuna maabara, ni ripota na picha zilizotupwa kwenye boksi na uvumilivu wa kugonga mlango wa mtu asiyekujua ukamwambia samahani, una albamu za zamani? Mi nimewahi kushuhudia hazina kama ile kwenye vyumba vya nyuma vya magazeti, makabati ya chuma, bahasha za kaki zimeandikwa kwa peni, vumbi, na mzee mmoja tu anayejua nini kiko wapi. Wakipunguza wafanyakazi huyo mzee ndo wa kwanza kuondoka. Nasema kwa uchungu kabisa, nchi hii tuna majibu ya mambo mengi yamelala kwenye zile bahasha na panya wanayala.

Larsson mwenyewe hakuona kitabu chake kikitoka. Alikuwa na jarida linaitwa Expo, alilianzisha na wenzake 1995 kufuatilia makundi ya Wanazi mamboleo, vitisho vya kuuawa alivipokea miaka mingi, mwenzi wake wa maisha, Eva Gabrielsson, ameeleza kwamba hata ndoa hawakufunga kwa sababu ingeweka anwani yao hadharani. Novemba 2004 moyo ulisimama, ana miaka 50, baada ya kupanda ngazi za ofisini siku lifti ilikuwa mbovu. Na kwa wasomaji wa huku kwetu, akiwa kijana, 1977, alifika Eritrea akawafundisha wapiganaji wa kike wa EPLF, jeshi la ukombozi la Eritrea, kutumia mizinga midogo. Nilipolijua hilo nikaelewa vizuri zaidi kwa nini wanawake wa vitabu vyake hawasubiri kuokolewa.

Uswidi kuna na Liza Marklund pia, ripota wake Annika Bengtzon nampenda kwa sababu tofauti kabisa: ana watoto. Sprängaren cha 1998 uwanja mkubwa unalipuliwa Stockholm wiki moja kabla ya Krismasi na huyu mama anakimbizana na stori huku nyumbani wanamuuliza Krismasi inaandaliwa na nani, mumewe kanuna, na ofisini wanaume wazima wanasubiri ateleze. Wadada mlioko vyumba vya habari kisomeni mtajiona.

Lakini kitabu ambacho ningempa mtu wangu wa karibu ni The Field of Blood cha Denise Mina, 2005, kisa chake kiko Glasgow mwaka 1981. Paddy Meehan ana miaka 18, kwao Wakatoliki wa kipato cha chini, mnene na unene wake unamsumbua rohoni, na kazi yake gazetini ni tarishi. Anakaa kwenye benchi na wenzake wanasubiri ripota apaze sauti, wewe, kopi hii peleka kwa mhariri, wewe, lete chai. Mtoto mdogo kauawa, waliokamatwa ni watoto wawili, na siku moja Paddy anaona picha ya mmoja wao anamtambua. Ni binamu wa mchumba wake. Stori kubwa kuliko zote Uskoti imeingia nyumbani kwao na yeye peke yake pale ofisini ndo anajua.

Haandiki. Anamwambia mwenzake mmoja tu, kwa kulemewa, kama unavyomwambia rafiki, na yule mwenzake anaichukua anaichapa. Kwao wanaamini ni Paddy kauza. Na hapo Mina anafanya kitu ambacho sisi watu wa familia kubwa tunakielewa bila kuelezwa: wanamnunia. Mama, baba, ndugu, nyumba nzima, hakuna anayemsemesha, anakula peke yake, anapita sebuleni wanageuza shingo. Hakuna kipigo wala kufukuzwa, ni kimya tu, na anaendelea kuamka alfajiri kwenda kwenye benchi lake. Mi nilikisoma mpaka nikahisi kile kimya nyumbani kwangu. Fikiria hapa kwetu, binamu yako kashtakiwa kwa jambo zito, wewe ndo mwandishi kwenye ukoo, kikao cha familia kimekaa wazee wamekuita wanakwambia mwanetu, haya yaishie humu ndani. Na asubuhi mhariri anauliza nani ana chochote kuhusu ile kesi ya mtoto. Unafanyaje? Mina halijibu hilo kwa urahisi, na ukikiangalia vizuri upelelezi wote anaoufanya Paddy baadaye ni wa mtu anayetafuta njia ya kurudi mezani kwa mama yake.

Jina lake nalo siyo la bahati mbaya. Kulikuwa na Paddy Meehan wa kweli, mwanaume, mwizi wa kuvunja makasha ya fedha, alihukumiwa 1969 kwa mauaji ya mwanamke mmoja mji wa Ayr ambayo hakuyafanya, akakaa ndani mpaka 1976 alipopewa msamaha, na aliyepiga kelele mpaka mlango ukafunguka alikuwa mwandishi, Ludovic Kennedy, na wenzake. Dada wa kwenye kitabu kakua na jina la mtu aliyefungwa kwa uonevu, anaifuatilia ile kesi tangu mtoto, ndo imemfanya atake kuandika.

Marekani nitapita haraka, ingawa Michael Connelly anastahili heshima yake, alikuwa ripota wa uhalifu kabla hajawa tajiri wa vitabu. The Poet cha 1996 Jack McEvoy ni ripota wa gazeti la Rocky Mountain News, na pacha wake, askari wa upelelezi Denver, anakutwa kafa garini, wanasema kajiua. Jack anataka kuandika, anaanza kukusanya habari za askari waliojiua nchi nzima, na zinafanana mno. FBI wanaingia, wanataka kumuweka pembeni, naye silaha yake ni moja tu, anawaambia mkinifungia nje nachapa nilichonacho kesho, mkinichukua nasubiri. Ni biashara chafu kidogo kwa pande zote mbili na Connelly haifichi. Baadaye, The Scarecrow cha 2009, Jack yuko Los Angeles Times, kaitwa kaambiwa unapunguzwa, wiki mbili za mwisho zitumie kumfundisha kazi binti atakayechukua nafasi yako kwa mshahara mdogo. Na mwaka huohuo, Februari, Rocky Mountain News, lile gazeti la kweli, lilifungwa, lilikuwa linakaribia kutimiza miaka 150. Mi nikikisoma muuaji ananiogopesha kidogo tu, ile barua ya kupunguzwa kazi ndo inaniogopesha kweli.

Kitu kimoja kinanikera kwenye aina hii, na hata walio bora wanakifanya. Sura ya mwisho ripota anakwenda peke yake usiku nyumbani kwa muuaji bila kumwambia mtu, panapigwa ngumi, bastola inadondoka, anaipata yeye. Kwa nini? Kurasa 300 umenionesha mtu ambaye nguvu yake ni kuuliza na kuhakikisha, halafu mwishoni unampa bunduki kama askari wa kwenye sinema. Ningependa kitabu ambacho mpambano wa mwisho ni simu. Unampigia mtuhumiwa saa 11 jioni ili stori ibalansi, unamsomea tuhuma moja moja, na unasikiliza anavyopumua.

Na sisi je? Hapa ndo penye jambo linalonishangaza miaka yote. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezaliwa mikononi mwa waandishi wa habari. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, baba wa Bwana Msa, aliyetuletea Mzimu wa Watu wa Kale 1960, alikuwa mhariri wa magazeti Zanzibar na baadaye jarida la Mkulima. Ben Mtobwa aliyetupa Joram Kiango alikuwa mwanahabari, jarida la Heko lilikuwa lake. Watu hawa walikuwa wanaishi na dedilaini, na mpelelezi wao hawakumfanya mmoja wao! Bwana Msa ni mzee wa kiko na akili nyingi, na Najum rafiki yake pembeni. Joram ni mpelelezi wa kujitegemea, kijana mtanashati na Nuru wake. Willy Gamba wa Elvis Musiba ndo kabisa, jasusi wa dola.

Mi nadhani sababu ni kwamba enzi zile msomaji asingeamini. Magazeti makubwa Tanzania yalikuwa ya chama na serikali, Uhuru, Daily News, na Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, sasa ripota anayemfichua mkubwa angeichapa wapi stori yake? Jasusi anayetumwa na nchi aliaminika, mwenye akili kama Msa anayemnong'oneza Inspekta Seif aliaminika. Ripota hapana. Siwalaumu kabisa, walijua wasomaji wao.

Lakini sasa hivi sababu hiyo haipo. Tumeshawaona. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, ameuawa kazini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, kamera yake ikiwa hapohapo. Azory Gwanda, korespondenti aliyekuwa anaandika mauaji ya Kibiti, aliondoka nyumbani Novemba 2017 na mpaka leo hajarudi. Jirani zetu Msumbiji kuna Carlos Cardoso, gazeti lake Metical lilikuwa kurasa chache zinatumwa kwa faksi na barua pepe, akawa anafuatilia dola milioni 14 zilizoibwa benki ya BCM, mwaka hadi mwaka, jina kwa jina, mpaka wakampiga risasi garini Maputo Novemba 2000. Kesi yake ilipokuja kusikilizwa ikaoneshwa kwenye televisheni na Msumbiji nzima ikakaa kuangalia. Ukimsoma Cardoso halafu ukamsoma Rouletabille akisema yeye ni mwandishi mnyonge tu, unaelewa kwamba huo unyonge ni wa kweli, siyo maneno ya kitabuni.

Kwa hiyo naiomba riwaya hiyo, na naiomba kwa Kiswahili. Simtaki ripota wa Dar mwenye gari, nampa kazi korespondenti wa wilayani, analipwa kwa stori, simu yake kioo kimepasuka, anapanda bodaboda kwenda eneo la tukio na nauli anajilipia. Anajulikana mji mzima, DC anamjua, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anamjua, mama ntilie anamkopesha. Anakufa mtu, labda karani wa halmashauri, wanasema kajinyonga. Yeye alikuwa kamhoji wiki moja kabla kuhusu tenda ya kisima na sauti ya mahojiano bado iko kwenye simu. Hamna atakayemlinda, mhariri Dar anataka maneno 300 kabla ya saa 10, RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, anasema subiri taarifa rasmi, mjane anamwambia shemeji usiandike chochote wanangu bado wadogo. Hapo una riwaya nzima na hata risasi moja haijalia. Vijana mnaoandika hadithi za mfululizo kwenye WhatsApp na Facebook, mna wasomaji wengi kuliko vitabu vingi vya madukani, hiyo kazi mnaiweza, na mwanahabari wa wilayani yupo jirani yako, mnunulie chai akusimulie.

Kwa anayetaka kuanza kusoma: anza na Mina, halafu Larsson, kurasa za mwanzo za Larsson za mambo ya kampuni na hisa vumilia usiziruke, zinarudi mwishoni. Connelly ni wa safari ndefu ya basi. Leroux ni wa zamani kiasi kwamba haki miliki imeisha, unampata bure mtandaoni kwa Kifaransa na tafsiri ya Kiingereza, na ukifika pale mahakamani saa 12 na nusu simama kwanza ujiulize wewe ungelitaja jina saa ngapi.